Mtambo wa Muziki Ukivuma, Ukikoroma au Ukinyamaza: Kutafuta Ubovu Nyumbani

Ubovu mwingi wa muziki wa nyumbani hapa Mwanza haumo ndani ya amplifaya. Umo kwenye soketi, kwenye kipande cha waya, kwenye unyevu unaopanda kutoka ziwani, au kwenye sebule yenyewe yenye vigae sakafuni na kuta tupu. Hata hivyo, mtu akisikia mlio asioujua, la kwanza ni kufungua boksi kwa bisibisi. La pili ni kuuza mtambo na kununua mwingine, na mlio unamfuata hukohuko. Inaniuma kuona amplifaya nzuri ya miaka ya 1970, yenye transfoma nzito na vyuma vya kweli, ikiuzwa kwa bei ya spea kwa sababu tu ya pini iliyoota kutu.

Kwa hiyo tunaanza na sikio. Unachosikia ni nini: mvumo, mkwaruzo, mkoromo au kimya? Kinatoka upande mmoja au pande zote mbili? Ukiongeza sauti kinakua, au kinabaki palepale? Ukiwa na majibu hayo matatu unajua pa kwenda. Kisha shika sharti moja: badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha waya, soketi na spika kwa mkupuo, hata mlio ukiisha hutajua ulitoka wapi, na ukirudi mwezi ujao utaanza upya.

Upande mmoja umenyamaza

Stereo ina faida kubwa kwa mtafuta ubovu: kila kitu kiko viwili, hivyo upande mzima unatoa ushahidi juu ya upande mbovu.

Zima amplifaya. Mgongoni mwake hamisha nyaya za spika, za kushoto zije kulia na za kulia ziende kushoto. Washa. Kama spika iliyokuwa kimya bado iko kimya, ubovu uko kwenye spika hiyo au kwenye waya wake, amplifaya iache. Kama sasa imenyamaza spika ya pili, basi spika zote ni nzima, na shida iko kwenye amplifaya au kwenye kinachoilisha. Rudisha nyaya kama zilivyokuwa, kisha fanya hivyohivyo kwa pini za RCA zinazoingia kwenye amplifaya, nyekundu na nyeupe. Kimya kikihama, tafuta kwenye waya wa RCA au kwenye chombo kinacholeta muziki. Kisipohama, ni amplifaya. Ni kazi ya dakika chache, bila mita wala bisibisi, na inakuokoa kubeba spika kwenye bodaboda kumpelekea fundi kitu kisicho na kosa.

Ukiwa unatumia gramafoni, endelea mpaka kwenye katriji, kile kichwa kidogo kinachoshika sindano. Nyuma yake kuna nyaya nne nyembamba kama nywele: nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Nyeupe na nyekundu ndizo chanya. Vibanio vyake hulegea. Vichomoe na kuvirudisha kwa kibanio cha nyusi, taratibu, amplifaya ikiwa imezimwa.

Kuna kimya cha upande mmoja chenye tabia yake. Unawasha, upande mmoja hauimbi au unaimba kwa mbali na kwa kukwaruza. Unaongeza sauti mpaka pahala fulani, mara "tap", umerudi, na unaendelea vizuri jioni nzima. Hiyo ni rilei ya ulinzi. Amplifaya nyingi huwa na rilei inayounganisha spika sekunde chache baada ya kuwasha, ule mlio wa "klik" unaousikia. Midomo yake ikishapata ukungu, umeme mdogo wa muziki wa sauti ya chini haupiti, na ule mkubwa unajipenyeza kwa nguvu. Fundi anaweza kuisafisha, lakini kuibadilisha ndiko bora, maana rilei ni kitu cha bei ndogo na iliyosafishwa huchakaa tena.

Pande zote zikiwa kimya huku taa zinawaka, usiwaze mabaya kwanza. Angalia kitufe kilichoandikwa TAPE MONITOR. Kikibonyezwa, amplifaya inasubiri muziki kutoka kwenye deki ya kanda ambayo huenda huna. Mtoto, dada wa kazi au kitambaa cha kufutia vumbi vinatosha kukibonyeza. Angalia swichi ya SPEAKERS A na B. Angalia pia, kwenye amplifaya za zamani, vile vipande viwili vya chuma mgongoni vinavyounganisha PRE OUT na MAIN IN. Mtu akivichomoa akidhani ni pambo, muziki unakatika hapo. Hayo yote yakiwa sawa na "klik" husikii kabisa, chomoa nyaya za spika uwashe tena. Rilei ikigonga sasa, kulikuwa na shoti kwenye waya wa spika, mara nyingi uzi mmoja wa shaba uliovuka kutoka nyekundu kwenda nyeusi. Isipogonga hata hivyo, amplifaya inajilinda dhidi ya ubovu wake yenyewe. Usiilazimishe. Hiyo ni ya fundi.

Mvumo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mvumo ndio unaosumbua watu wengi na ndio unaotibiwa vibaya zaidi.

Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Mvumo wa hezi 50 ni mzito, wa mviringo, unausikia zaidi kifuani. Unaingia kutoka nje: waya wa RCA uliokatika ngao yake, yaani nyuzi za nje zinazoukinga, mzunguko wa ethi (njia ya umeme kwenda ardhini), au katriji iliyo karibu na transfoma. Mvumo wa hezi 100 ni mkavu zaidi na una makali. Huu unatoka ndani, kwenye kapasita kubwa za kusawazisha umeme baada ya kugeuzwa kuwa DC, umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Zikizeeka, mabaki ya mawimbi yanapita hadi kwenye spika. Simu yenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti itakusaidia kutofautisha ukiiweka karibu kabisa na koni ya spika, ingawa maikrofoni za simu ni dhaifu kwenye sauti nzito. Sikio likizoea halihitaji simu.

Sasa zungusha kitasa cha sauti. Mvumo usiobadilika hata kitasa kikiwa sifuri unatoka baada ya kitasa: hatua ya nguvu au kapasita. Unaokua pamoja na sauti unatoka kabla yake. Kwa huo wa pili, chomoa nyaya za RCA mgongoni mwa amplifaya moja baada ya nyingine, kila mara ukizima kwanza. Ule utakaoondoka na mvumo ndio wenye kesi.

Katika nyumba nyingi kesi inaangukia waya unaotoka kwenye king'amuzi. King'amuzi kimeunganishwa na dishi juu ya paa, dishi limefungwa kwenye bomba la chuma au ukuta wenye unyevu, na amplifaya ina ethi yake kupitia soketi. Ethi mbili zenye tofauti ndogo ya volti zinakutana kwenye ngao ya waya wa RCA, umeme mdogo unapita humo, nawe unausikia. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukifa papo hapo, umeshapata jibu. Dawa yake ni kuchomeka kila kitu cha muziki na televisheni kwenye ekstensheni moja, kwenye soketi moja ya ukutani, na isipotosha, kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Kama king'amuzi au televisheni ina tundu la sauti la mwanga, tumia hilo: mwanga haubebi ethi.

Kuna dawa nyingine ambayo watu hupeana, ya kukata pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo unaisha kweli. Lakini siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, fyuzi haitakatika, na atakayegusa kitasa cha sauti ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Usikate ethi. Usimruhusu mtu akukatie.

Mwanza tuna jambo letu hapa. Nyumba za Isamilo, Bugando, Igogo na vilima vinginevyo zimekaa juu ya granite. Nondo ya ethi inapigiliwa, inagonga jiwe, na anayeifunga anaikatia juu na kuifunika udongo. Jiwe kavu halipokei umeme vizuri, kwa hiyo nyumba ina ethi ya jina tu. Dalili zake unaweza kuzihisi: ukipitisha mgongo wa kidole taratibu kwenye bodi ya chuma ya amplifaya unasikia mtetemo mdogo, mtu akiwa peku anapigwa "shoti ndogo" akigusa waya wa RCA na mwili wa televisheni kwa pamoja. Kidole si kipimo lakini. Mwite fundi umeme aje apime ukinzani wa ethi. Ikiwa ni mbaya, nondo zinaweza kuongezwa pale penye udongo mzito na unyevu, au shaba ikalazwa kwenye mtaro badala ya kusimamishwa. Ni gharama kwa nyumba nzima, siyo kwa muziki tu, na friji yako pia itakushukuru.

Gramafoni ina mvumo wake. Kando ya pini zake mbili za RCA kuna waya mmoja mwembamba wenye kibanio cha mfano wa uma. Ule unafungwa kwenye skrubu ya GND mgongoni mwa amplifaya. Usipofungwa, mvumo ni mkubwa na ukigusa mkono wa gramafoni unabadilika. Ukifungwa na mvumo bado upo, sogeza gramafoni mbali na amplifaya, nusu mita au zaidi. Katriji ya kawaida ya sumaku inatoa karibu milivolti 5 tu, na ile ya koili inayotembea hata chini ya nusu milivolti, wakati deki ya CD inatoa hadi volti 2. Kitu kinachokuzwa kiasi hicho kinasikia transfoma ya jirani yake.

Na kama kinachovuma ni boksi lenyewe, siyo spika? Weka sikio kwenye kifuniko. Transfoma inayotetemeka kidogo si ugonjwa. Ikianza kutetemeka kwa nguvu pale tu unapotumia inveta ya sola, basi inveta yako inatoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini. Muziki unataka inveta ya mawimbi laini. Ile nyingine inatosha taa na kuchaji simu.

Umeme wenyewe

Pima soketi yako saa nane mchana, kisha saa mbili usiku majirani wote wakiwa wamewasha. Ukikuta usiku imeshuka chini ya volti 200, usishangae amplifaya kukosa nguvu, besi kulegea, au rilei kuachia ghafla ngoma kubwa inapoingia. Stabilaiza inasaidia, lakini zile za rilei hugonga kila zinapopanda na kushuka, na kugonga huko husikika kwenye spika. Zipo za mota, polepole zaidi na tulivu. Mimi ningenunua ya uwezo mara mbili ya mtambo wangu, kwa sababu namba zilizoandikwa kwenye maboksi hazitekelezwi kila mara.

Umeme ukikatika, zima swichi ya mtambo kabla haujarudi. Ukisikia radi, chomoa plagi, na chomoa pia waya wa antena na wa dishi, kwa kuwa radi haina shida na njia ya kuingilia. Mvua za radi za ziwa hili hupenda kujikusanya usiku na kushuka alfajiri, saa ambazo umelala. Basi msimu wa mvua chomoa kabla ya kulala, liwe jambo la kila siku.

Sasa mitumba ya nje. Mtambo wa Japani ni wa volti 100, wa Marekani ni wa 120. Ukiuchomeka moja kwa moja kwenye ukuta wetu, sekunde inatosha. Soma kibao cha mgongoni, si maneno ya muuzaji. Vingine vina swichi ndogo ya kuchagua volti. Vingine vinahitaji transfoma ya kushusha.

Transfoma ya kushusha inabadilisha volti tu. Hezi zinabaki 50. Gramafoni ya zamani ya Marekani yenye mota ya AC imepigiwa hesabu ya hezi 60, kwa hiyo hapa itazunguka sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Ile 33⅓ inakuwa karibu 27.8 kwa dakika, 45 inakuwa 37.5. Muziki unavutika, waimbaji wanakuwa wazee, gitaa linashuka karibu nusutoni tatu. Watu hubadilisha mkanda wa raba, wanasafisha mota, wanatia mafuta, na hakuna kinachosaidia, maana hakuna kilichoharibika. Inatakiwa puli ya hezi 50, yenye kipenyo kikubwa kidogo. Japani nako kumegawanyika: Tokyo na mashariki wanatumia hezi 50, Osaka na magharibi 60, kwa hiyo gramafoni nyingi za huko zilikuja na puli mbili au puli yenye ngazi. Zile zinazozungushwa moja kwa moja na mota ya kielektroniki yenye kioo cha kwatsi hazijali hezi za ukutani. Kama unanunua leo, tafuta hizo.

Mikwaruzo ukigusa kitasa

Unazungusha sauti, spika zinatoa "krr krr". Ni vumbi na ukungu kwenye njia ya kaboni ndani ya kitasa. Chomoa umeme, kisha zungusha kitasa mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Kwa mtambo uliokaa muda mrefu bila kuguswa hilo peke yake linaweza kutosha. Lisipotosha, tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi za umeme, tone dogo kwenye tundu la kitasa. Mafuta ya kupuliza ya kulegezea bolti zilizoganda hayafai hapa. Yanalegeza kwa wiki moja, kisha yanakusanya vumbi mara dufu.

Kando ya ziwa ukungu huu unarudi haraka. Kama nyumba iko Kirumba, Bwiru au Capri Point na madirisha yanaangalia maji, pini za RCA zitapoteza mng'ao wake. Zichomoe na kuzirudisha kila baada ya miezi michache. Ule msuguano peke yake unazisafisha. Mtambo unaopigwa kila siku hukauka kwa joto lake wenyewe. Uliofunikwa kwa plastiki kabatini ndio unaooza.

Wadudu wa ziwani nao wasisahaulike. Jioni zile wanapokuja kwa mawingu, taa ya kupimia ya amplifaya inawaita, wanaingia kwenye matundu ya joto na kufia humo. Zima taa ya sebuleni au funga nyavu. Mende ni wabaya zaidi, wanapenda joto la transfoma na wanaacha uchafu unaopitisha umeme juu ya bodi. Usipulize dawa ya mende ndani ya amplifaya. Weka mtego nje, nyuma ya kabati.

Spika inakoroma

Kwanza tofautisha. Inakoroma kwa sauti ndogo pia, au ukiongeza tu?

Ukiongeza tu, huenda amplifaya imefika mwisho wa uwezo wake na vilele vya mawimbi vinakatwa. Wengi huamini spika huunguzwa na amplifaya kubwa. Ndogo inayosukumwa kupita kiasi ni hatari vilevile, maana mawimbi yaliyokatwa yanamwaga nguvu nyingi juu kwenye masafa ya twita, ile spika ndogo ya sauti kali, na twita haikuumbwa kuibeba. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4. Ukifunga za omu 4 sambamba unabaki na 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi. Zinapata moto, kisha zinaachia.

Inayokoroma hata kwa sauti ndogo ina jeraha. Toa kitambaa cha mbele, tazama sponji inayozunguka koni. Sponji huoza ikifika miaka kumi na tano, ishirini, ukigusa inamomonyoka. Hiyo ni habari njema, kwani sponji inabadilishwa na koni inabaki ileile ya kiwandani. Mwambie fundi asikuwekee raba nzito ya sabufa kwenye spika iliyoumbwa kwa sponji laini, itabana besi. Sponji ikiwa nzima, sukuma koni ndani taratibu kwa vidole vilivyosambaa pande zote. Ukisikia "kshh kshh", koili inasugua sumaku. Imepinda kwa joto au imepigwa.

Kipimo cha mita: spika iliyoandikwa omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 karibu 3 na nusu. Ikisoma bila mwisho, koili imekatika. Twita nayo ipime peke yake, ikiwa imechomolewa kwenye mgawanyo wa ndani wa boksi.

Besi haipo, au besi ni nyingi mpaka inaudhi

Besi ikitoweka na mwimbaji asisikike katikati bali kila mahali na hakuna mahali, nyaya za spika moja zimegeuzwa. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Kama nyaya hazina rangi, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha kidogo tu kwenye ncha za waya: koni ikitoka nje, upande wa chanya cha betri ndio nyekundu. Fanya kwa spika zote mbili.

Kama muziki wa santuri ni mwembamba na wa chini sana, umechomeka gramafoni kwenye AUX. Santuri hukatwa ikiwa na besi iliyopunguzwa na trebo iliyoongezwa, kwa kanuni ya RIAA iliyokubaliwa mwaka 1954, na ni tundu la PHONO pekee linalorudisha mizani. Ukichomeka CD kwenye PHONO unapata kinyume chake: makelele yaliyopasuka.

Waya wa spika nao uangaliwe. Ule mwembamba wa milimita za mraba 0.5, kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi una ukinzani wa karibu omu 0.7. Wa milimita 1.5 una karibu 0.23. Kwa spika ya omu 4 tofauti hiyo inasikika. Kwaruza ncha kwa kisu kabla ya kulipia: ikiwa ndani ni nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha, lakini inataka kuwa nene zaidi. Zaidi ya hapo, waya wa bei ya ng'ombe hauna cha kukupa.

Besi iliyozidi ni chumba. Sebule yenye urefu wa mita 4 inashika sauti ya karibu hezi 43 na kuikuza, na noti hiyo moja inapiga zaidi ya wenzake zote. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vinashika noti ileile. Toa spika kwenye kona. Zivute kutoka ukutani shubiri mbili, tatu, sikiliza, vuta tena. Sogeza na kochi lako pia. Anayekaa kichwa kimegusa ukuta wa nyuma atasikia besi kuliko wote.

Kisha piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia "trrr" ikikimbia kati ya kuta, maneno ya mwimbaji hayatawahi kuwa safi, uwe na spika za bei yoyote. Vigae, saruji, dirisha la alumini na dari la jipsamu, vyote vinarudisha sauti. Nenda soko la Mlango Mmoja ukatafute mapazia mazito ya mtumba na zulia nene. Zulia liwe kati yako na spika, pazia kwenye ukuta mtupu, kabati la vitabu upande wa pili. Sijaona fedha inayofanya kazi kubwa kwenye muziki kuliko ile ya zulia. Ondoa na glasi juu ya kabati la vyombo. Zile ndizo zinazolia "zzz" kila besi ikipiga, ukidhani ni koni.

Sakafu zetu nyingi ni saruji iliyolala juu ya ardhi, kwa hiyo sindano hairuki mtu akipita. Lakini gramafoni ikiwekwa juu ya kabati lilelile lenye spika, besi inapanda kupitia ubao, inaingia kwenye sindano, inakuzwa, inarudi. Kuna mngurumo unaokua wenyewe mpaka uzime. Tenganisha, gramafoni ikae kwenye meza yake.

Santuri, kanda na mafaili

Santuri inayochakacha ioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kuvukizwa. Vituo vya mafuta huuza maji ya betri, lakini soma chupa kwa makini: wanauza asidi pia. Usiguse lebo. Kitambaa laini, kufuata mifereji, kisha ikauke ikiwa imesimama. Sauti ikipasuka mwishoni mwa kila upande tu, sindano imechakaa au katriji imekaa upande.

Kanda iliyofifia trebo, safisha kichwa cha deki kwa spiriti ya duka la dawa isiyo na rangi na pamba ya masikio. Isipotosha, kichwa kimepinda kidogo. Kuna skrubu ndogo kando yake ya kukinyoosha, izungushe huku muziki unapiga, robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Na kama vyombo vyote ni vizima lakini muziki umekufa, pima faili. Nyimbo za flashi zilizobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hupoteza masafa ya juu ya hezi 16,000 hivi, na zilizobanwa zaidi ya hapo hupoteza mng'ao wa matoazi. Wimbo uliopita WhatsApp kama ujumbe wa sauti umeshabanwa mara nyingine. Chukua CD halisi, ipige kwenye mtambo uleule. Ukifufuka, mtambo hauna kosa.

Ukifika kwa fundi

Kwa fundi usiseme "redio ni mbovu". Mwandikie karatasi: mlio wa aina gani, upande gani, ulianza lini, umehamisha nini na ukaona nini. Hiyo inampunguzia nusu siku na wewe nusu ya bili. Usifungue mwenyewe ukiwa hujui: kapasita kubwa zinabaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako, na amplifaya za taa za kioo (valvu) zina volti mia kadhaa.

Kwa kapasita, omba zilizoandikwa 105°C na volti sawa au zaidi ya za zamani, na uombe za zamani urudishiwe. Transista za nguvu za bandia ni nyingi sokoni. Zikibadilishwa, zibadilishwe zote za upande ulioharibika na siyo moja. Kazi ikiisha, omba apime DC kwenye matundu ya spika bila spika kufungwa. Chini ya milivolti 50 ni safi. Ikizidi 100, kuna kitu hakijakaa sawa.

Na kabla ya kuichomeka moja kwa moja ukutani, mwambie aiwashe kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa siriesi. Mafundi wenye uzoefu wanayo tayari mezani. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, funga spika. Ikibaki inawaka kwa nguvu, bado kuna shoti ndani, na usilipe wala kuondoka mpaka aifungue tena.